Asilimia Sitini na Moja

Dorkasi alimwambia binti yake aisome ile barua kwa mara ya tatu, na safari hii asiruke neno hata moja. Ruthu akaisoma. Ilikuwa barua fupi yenye muhuri wa chuo. Ilisema kwamba ripoti ya utafiti ya Ruthu Matonya, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, imepitishwa kwenye mashine ya kukagulia na asilimia sitini na moja yake inafanana na makala iliyochapishwa na Dakta Ulimboka, msimamizi wake. Mwanafunzi afike mbele ya kamati Jumatano saa nne asubuhi, aeleze kwa nini asifukuzwe chuo kwa kosa la kunakili kazi ya mtu bila kumtaja.

"Hiyo makala inahusu nini?" Dorkasi aliuliza.

"Uwele, mama. Namna ya kuchagua mbegu za uwele."

"Uwele wa wapi?"

"Wa Haneti."

"Haneti kwa nani?"

Ruthu akaikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena. Walikuwa wamekaa uani kwa Abeli, mdogo wake Dorkasi, mfyatua tofali wa Mkonze, ambako Ruthu alikuwa amepewa chumba tangu aanze chuo. Dorkasi alikuwa ameshuka basi muda si mrefu. Vumbi la Haneti, kijijini kwao, lilikuwa bado miguuni mwake, na chai aliyowekewa ilikuwa imepoa kwenye kikombe bila kuguswa. Alikuwa amekasirika tangu alipopigiwa simu jana yake, na kila kilomita ya ile safari ilikuwa imemzidishia.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Mwaka jana, mwezi wa tano, Ruthu alikwenda nyumbani na daftari, akamfuata mama yake shambani siku nne mfululizo. Dorkasi akamwonyesha yote. La kwanza, suke la mbegu linachaguliwa likiwa bado limesimama, linafungwa kitambaa ili mvunaji asilichanganye na ya kula. La pili, usichukue masuke manene ya karibu na zizi, yale yamelishwa samadi na yanadanganya. Nenda kwenye kipande kibaya cha shamba, penye changarawe, utafute bua lililokonda lakini limejaza punje, kwa sababu hilo limeshazoea shida. La tatu, mbegu inakaa juu ya moshi wa jikoni mpaka mvua zirudi. Ruthu aliandika, akaenda kwa wakulima wengine ishirini na sita akauliza na kupima, akachapa, akaiweka kazi yote kwenye flashi na kumpelekea Dakta Ulimboka mkononi. Dakta alikaa nayo miezi mitano. Kila akiulizwa alikuwa bize. Desemba makala yake ikatoka kwenye jarida la ng'ambo.

"Kwa hiyo huyo daktari ni mwizi," alisema Dorkasi.

"Mama, taratibu, majirani."

"Nisemeje? Mtu aliyeiba anaitwaje huko chuoni?"

Abeli, ambaye alikuwa akinawa udongo mikononi, alicheka bila furaha. "Dada, mimi nilimwambia huyu. Wenzake wanakwenda pale steshenari, wanatoa laki na nusu, wanaandikiwa ripoti nzima mpaka shukrani kwa wazazi. Hao wanavaa majoho mwezi wa kumi na moja. Huyu aliyekwenda kuungua na jua ndiye anaitwa mwizi."

"Mjomba, wale nao wanakamatwa."

"Wangapi? Nitajie mmoja."

Ruthu akaikunja tena ile barua.

 

Jumatano Dorkasi alivaa kitenge chake cha kanisani. Hata hivyo mlinzi wa getini alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza anauza nini, maana wenye biashara hawaruhusiwi kuingia. Dorkasi akamjibu kwamba hauzi kitu, amekuja kwenye kamati. Mlinzi akacheka. Ilibidi Ruthu atoe kitambulisho na barua, na aeleze mara mbili kwamba huyu ni shahidi, ndipo wakapita.

Walikalishwa kwenye benchi la korido saa nzima na nusu. Watu walipita na makaratasi yao. Mmoja wao, kijana mtanashati mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, aliinama kidogo mbele ya Dorkasi. "Shikamoo mama." Dorkasi akaitikia marahaba mwanangu, hujambo. Kijana akaingia ndani. Ruthu akasema kwa sauti ya chini kwamba yule ndiye Dakta Ulimboka. Kama Dorkasi angeweza kukimbia kuirudisha ile marahaba yake, angeirudisha.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na watu watano. Mwenyekiti alikuwa Profesa Swaumu, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, mwenye miwani na hijabu ya kijivu. Mzee mmoja pembeni yake aliinua karatasi ya utetezi ya Ruthu, akaisoma na kuishusha. "Anasema chanzo chake ni mama yake mzazi," alisema, na wawili wakatabasamu. Profesa Swaumu hakutabasamu. Alimpa nafasi Dakta Ulimboka aanze.

Dakta alizungumza kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomkasirisha Dorkasi zaidi. Alisema yeye amemlea huyu binti kitaaluma. Kwamba katika vikao vya usimamizi alimshirikisha mawazo yake mengi ambayo alikuwa bado hajayachapisha, na inaelekea binti aliyachukua, labda kwa kutokujua. Hana kinyongo naye. Angependa kamati imfikirie kwa huruma.

"Huruma!" Dorkasi alisema kwa sauti.

"Mama, utapewa nafasi," mzee wa pembeni alimkemea.

"Nafasi yake ni sasa," alisema Profesa Swaumu. "Karibu mama. Wewe unajua nini juu ya jambo hili?"

Dorkasi alisimama. Alisema yeye Kiingereza hajui, basi asomewe alichoandika huyu baba kwa Kiswahili. Profesa akaivuta makala, akaweka kidole kwenye mstari, akatafsiri polepole: mnamo mwezi wa tisa, mwandishi alifanya utafiti wa uwandani katika eneo la Haneti, akawashuhudia wakulima wakifunga vitambaa kwenye masuke ya uwele waliyoyachagua kwa mbegu.

"Mwezi wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Mwezi wa tisa!" Dorkasi alipiga makofi mara moja. "Ndugu zangu, mwezi wa tisa Haneti hakuna suke la uwele lililosimama. Tunavuna kuanzia wa tano. Wa saba tumeshapura tumemaliza. Mwezi wa tisa hata mabua ng'ombe wameyamaliza, kuna upepo na vumbi basi. Hivyo vitambaa alimwona nani anavifunga, na alikuwa anavifunga kwenye nini?"

Mmoja wa waliotabasamu mwanzoni alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Dakta Ulimboka alirekebisha shati. Alisema hilo ni kosa dogo la uchapaji wa tarehe.

"Haya, tarehe tuiache. Mwulizeni alifikia kwa nani. Alikunywa maji kwenye nyumba ya nani. Kwetu mgeni hatembei kwenye shamba la mtu akaondoka bila kukaribishwa. Akienda mbele akiulizwa ametoka wapi, anasema nimetoka kwa fulani. Ndiyo adabu. Huyu ataje nyumba moja tu ya Haneti. Moja."

Dakta alisema hayo ni masuala ya mbinu za utafiti ambayo mama hawezi kuyaelewa. Profesa Swaumu akaandika kitu kwenye karatasi yake, na uso wake ulionyesha wazi kwamba amekasirika. Dorkasi akadhani wameshinda. Akamgeukia binti yake, na Ruthu alikuwa ametazama sakafu.

"Sasa tusome na ya binti," alisema Profesa. Akafungua ripoti. "Ukurasa wa thelathini na nne. *Mtafiti alibaini kwamba masuke ya mbegu huchaguliwa kutoka kipande kibaya cha shamba.* Thelathini na tano. *Mtafiti aligundua kwamba masuke ya karibu na zizi hayafai.*"

"Mtafiti ni nani?" aliuliza Dorkasi.

"Ni mwanao, mama."

"Aligundua?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Na mimi niko wapi humo?"

Profesa alifungua kurasa moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka mwisho. Kwenye orodha ya marejeo kulikuwa na vitabu na makala arobaini na mbili za watu wa Marekani, India na Uholanzi. Kutoka Haneti hakuwamo mtu. Akarudi mwanzo, kwenye shukrani. "Upo hapa. *Namshukuru mama yangu mpendwa kwa maombi yake.*"

Dorkasi alikaa chini bila kuambiwa. Hasira aliyokuja nayo tangu Haneti ilimgeukia mtu mwingine, na ilikuwa kali kuliko ya kwanza.

"Binti," Profesa alisema, "ungeandika hapa jina la mama yako, siku aliyokueleza na shamba mliposimama, leo hakuna mtu angethubutu kuja kutuambia haya ni yake. Dakta angeiba nini? Angekuta jina la mwenyewe limeshakaa. Lakini wewe ulishalifuta kabla yake. Yeye kakuta kazi haina mwenyewe, akaingia." Kisha akamwuliza Dorkasi, kama jambo la kawaida tu la kujaza fomu, "Na wewe mama, haya ulifundishwa na nani?"

"Hakuna," Dorkasi alijibu haraka. "Ni akili yangu mwenyewe."

Profesa akaandika.

Uamuzi ulitolewa baada ya nusu saa. Ruthu amepewa siku kumi na nne. Airudie sura yote ya nne, na kila jambo alilolipata kwa mtu aandike jina la mtu huyo, siku na mahali, na aambatanishe fomu iliyosainiwa na huyo mwenye maarifa. Asipoleta, au akileta uongo, chuo basi, na miaka mitatu imekwenda na maji. Suala la Dakta Ulimboka litapelekwa ngazi ya juu. Watu wote mle chumbani walijua kwamba ngazi ya juu ni mahali faili linakokwenda kupumzika. Dakta alitoka wa kwanza, simu sikioni, akicheka na mtu.

 

"Maombi!" Dorkasi alikuwa akilirudia neno hilo tangu walipotoka getini. "Siku nne nimekutembeza juani na goti langu hili bovu, nimeacha kazi zangu, wewe unaniandika nilikuwa chumbani nimefumba macho nakuombea."

"Mama, naomba unisamehe."

"Kwa nini hukuniandika? Sema."

Ruthu alisema. Alilia, lakini alisema. Wenzake darasani wanajaza majina ya maprofesa wa Ulaya, na kadiri majina yanavyokuwa mengi ndivyo kazi inavyoonekana nzito. Yeye alihofia kuandika Dorkasi wa Haneti, aliyeishia darasa la nne, halafu watu wamcheke. Aliamini kwamba rejea ni za vitabu. Maneno ya mtu wa shambani, alidhani, ukishayaandika wewe yanakuwa yako.

"Kwa hiyo ulinionea aibu."

"Ndiyo, mama."

"Yule daktari hanijui. Hajawahi kula kwangu. Wewe nimekunyonyesha." Dorkasi alisema hivyo akaingia ndani, na kutwa nzima hawakusemezana. Abeli alirudi na tofali zake kichwani, akaziona nyuso mbili, akatafuta shughuli nyingine mbali na pale.

Lakini siku kumi na nne hazingoji watu wapatane. Kesho yake walikaa. Ruthu aliuliza, Dorkasi alijibu kwa mkato, na majina yakaanza kuingia kwenye karatasi mahali pa "mtafiti": la jirani aliyeonyesha namna ya kuchanganya majivu, la mzee aliyehesabu miaka ya njaa, la Dorkasi mara kumi na mbili. Alipoliona la kwake limechapwa, Dorkasi alilainika kidogo. Aliomba asomewe tena ule mstari wenye jina lake na tarehe.

Siku ya tano wakafika kwenye fomu. Ruthu aliisoma: "Mimi Dorkasi, mkazi wa Haneti, nathibitisha kwamba maarifa haya ni yangu mwenyewe, na sikuyapata kwa mtu mwingine." Akampa kalamu. "Saini hapo, mama."

Dorkasi alishika kalamu. Akaiweka chini, akasema mwanga hautoshi. Wakahamia uani. Akaishika tena. Saa sita mchana, jua linawaka, naye anasema haoni.

"Mama, kuna nini?"

Alichukia kila kitu wakati ule. Aliichukia ile fomu, akamchukia Profesa na swali lake, na Dakta na shati lake, na mtoto huyu anayemtazama. Kisha akasema, "Jenifa."

"Jenifa gani?"

"Mama yako mkubwa."

Ruthu alilijua jina hilo kama watoto wanavyoyajua majina yasiyotajwa nyumbani. Jenifa alikuwa mke wa kwanza wa baba yake, marehemu Matonya. Hakupata mtoto. Dorkasi alipoletwa pale akiwa msichana asiyejua hata kuchagua mbegu, Jenifa ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwenye changarawe, akamwonyesha bua lililokonda. Vitambaa vilikuwa ni vyake, alichana khanga yake mwenyewe. Matonya alipokufa, shemeji walikaa kikao, na Dorkasi akasimama upande wao akasema mwanamke asiyekuwa na mtoto anabaki hapa kufanya nini. Jenifa akaondoka na beseni na mkeka. Mwaka uliofuata bwana shamba alikuja, akaona vitambaa, akauliza ni ubunifu wa nani. Dorkasi akasema wangu. Alipewa jembe na cheti mbele ya kijiji kizima, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafundisha wanawake wa Haneti kwa jina lake.

Ruthu aliisogeza fomu karibu na mama yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, Profesa ameshaandika kwamba ni wewe. Zimebaki siku tisa. Saini tu. Nani atajua?"

"Ndivyo alivyojisemea daktari wenu," Dorkasi alimjibu kwa ukali. "Alipokaa na flashi yako alijiuliza, nani atajua." Akasimama kutafuta viatu.

 

Jenifa walimpata Mpwapwa, kwa mpwa wake, mwendo wa bodaboda kutoka stendi. Alikuwa uani akipepeta karanga. Nywele zilikuwa nyeupe zote, lakini mikono ilikuwa na nguvu. Alimtambua Dorkasi papo hapo, na ungo haukusimama.

"Shikamoo dada," alisema Dorkasi.

Karanga zilipanda zikashuka mara tatu. "Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi mmefuata nini?"

Ruthu alipiga magoti akamsalimu, akaeleza yote, tangu flashi mpaka siku zilizobaki. Jenifa alimsikiliza bila kumkatisha. Alipomaliza, alimtazama Dorkasi. "Huyu mtoto amesema yake. Wewe una mdomo?"

Mpwa wake alikuwa amesimama mlangoni na mkewe, na majirani wawili walikuwa wamesogea kwenye ua wa miti. Dorkasi aliwaona wote. "Mbegu ulinifundisha wewe," alisema. "Nikakufukuza. Nikasema ni akili yangu. Nimesema hivyo kwa bwana shamba, kijijini, na wiki iliyopita mbele ya maprofesa. Nilidanganya. Ni yako."

"Sauti," alisema Jenifa.

Dorkasi akarudia kwa sauti, machozi yakimtoka, mengine ya aibu na mengine ya hasira ya kulazimishwa.

Jenifa aliweka ungo chini. "Nisomee," alimwambia Ruthu. Ruthu akasoma la kwanza, la kitambaa. Akasoma la pili, la changarawe na zizi. Akasoma la tatu, la moshi. Kisha akafunga karatasi.

"Endelea."

"Yameisha, mama mkubwa. Ni matatu."

"Ni manne." Jenifa alimgeukia Dorkasi. "Masuke yenu siku hizi yakoje?"

Dorkasi aliutazama ungo. "Mafupi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa tano hivi baada ya wewe kuondoka. Tulisema ni mvua."

"Si mvua. Mbegu yenu imechoka, na kuna namna ya kuirudisha. Nilikuwa nimepanga kukuambia msimu ule ule mlionitoa nje. Nilisema, huyu mdogo wangu sasa ameyashika matatu, anaweza kubeba la nne." Alinyoosha mkono. "Lete hiyo fomu."

Ruthu alifuta maneno ya zamani akaandika mapya. Jenifa alisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha akasaini taratibu kwa mwandiko wa shule ya misheni: Jenifa Chilongani. Akamrudishia. Shahada ya Ruthu ilikuwa kwenye karatasi ile, naye aliishika kwa mikono miwili. Lakini hakuinuka.

"Na la nne, mama mkubwa?"

"La nne silisemi."

"Haneti nzima inapanda ile mbegu," alisema Ruthu. "Watu wanalala njaa."

"Najua. Na mimi nimelala njaa." Jenifa alichukua ungo wake. "Matatu ni yangu, nimekupa, kasome upate kazi. Hilo moja nimebaki nalo."

"Basi niandike nini hapo?"

"Andika kwamba lipo. Na uandike kwa nini hulijui."

Ruthu alimtazama mama yake, kalamu mkononi. Dorkasi alikuwa amesimama palepale, hajakaribishwa kiti, vumbi la njia nzima likiwa juu ya kitenge chake cha kanisani.

"Andika," alisema Dorkasi. "Jina langu liweke kamili."